Mpima Theluji katika Milima ya Uluguru

Kuna makala moja ya kisayansi ambayo kila mtu aliyekulia chini ya Uluguru angestahili kuisoma, lakini ni nadra kumpata mkazi wa Morogoro aliyepata kuiona. Ilichapwa mwaka 1972 nchini Uswidi, kwa Kiingereza, katika jarida la wanajiografia liitwalo Geografiska Annaler. Waandishi wake ni wawili: Paul Temple, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Anders Rapp, Mswidi. Inahusu maporomoko ya ardhi yaliyotokea Mgeta, upande wa magharibi wa milima yetu, tarehe 23 Februari 1970. Nakala yangu ni ya kurudufu. Niliipata kwa mwanafunzi wangu wa zamani aliyekwenda kusoma Ulaya, na imekwisha kuchakaa pembeni kwa kufunuliwafunuliwa. Nataka kuihakiki hapa kama tunavyohakiki riwaya au diwani, maana naamini kwamba maandishi ya sayansi nayo yana msimulizi wake, yana msomaji aliyekusudiwa, na yana watu walioachwa nje ya mlango.

Nianze na msimulizi. Rapp hakuanza na udongo wa nchi za joto. Alianza na theluji. Katika miaka ya 1950 alipima miteremko ya bonde la Kärkevagge, kaskazini kabisa mwa Uswidi, karibu na mpaka wa Norway, na mwaka 1960 akatoa andiko kubwa juu ya kazi hiyo. Alipima kila kilichoteremka mlimani: mawe yaliyoanguka, tope, udongo uliotambaa kidogo kidogo, theluji iliyoporomoka pamoja na vifusi ilivyokokota. Alipima hata madini yaliyoyeyuka ndani ya maji ya kijito. Alipojumlisha hesabu yake ikaonekana kwamba maji yale maangavu, yasiyo na kishindo chochote, yalikuwa yameondoa mlimani vitu vingi kuliko ngurumo zote za theluji na mawe. Mtu aliyepata jibu la namna hiyo hana haraka tena ya kuamini anachokiona kwa jicho la kwanza. Nadhani tabia hiyo ndiyo aliyokuja nayo Mgeta, na ndiyo inayoifanya makala yao iwe bora kuliko ripoti nyingi za maofisa zilizoandikwa juu ya milima hii kabla yake.

Sisi tunaoijua theluji kwa kuitazama Kilimanjaro kutoka dirishani mwa basi, huenda tukadhani kwamba ni kitu kimoja cheupe kilicholala tu. Sivyo. Theluji hulala kwa tabaka, kila tabaka na siku yake na hali yake ya hewa. Tabaka moja huwa gumu, jingine huwa kama mchanga mkavu usioshikana. Tabaka gumu likilala juu ya lile legevu, mlima unakuwa kama meza iliyowekewa bamba zito juu ya gololi. Katika mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 hivi, bamba hilo linasubiri sababu tu. Sababu yaweza kuwa theluji mpya nyingi, au upepo ulioirundika upande mmoja, au joto la mchana. Yaweza pia kuwa mtu. Wazungu wana mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao mbili ndefu zifungwazo miguuni, waziitazo skii, na wapo wasiopenda viwanja vilivyotengenezwa bali hupenda kupanda milima mitupu na kushuka mahali ambapo hapajapitwa na mtu. Wengi wa wanaokufa katika mchezo huo hufukiwa na poromoko walilolianzisha wao wenyewe au mwenzao. Uzito wa mtu mmoja unatosha.

Ipo pia theluji iliyolowa. Hii ndiyo ndugu wa karibu wa tope letu. Jua la majira ya kuchipua au mvua huijaza maji mpaka inakuwa kama uji, na uji huo ukishaanza kutembea unaweza kushuka hata kwenye mteremko wa wastani, ukibeba mawe na kila ulichokikuta. Rapp alikuwa ameyaona hayo Kärkevagge. Tena, mwanzoni mwa Oktoba 1959, alipata bahati ambayo ni ya mwanasayansi peke yake kuiita bahati: mvua ya milimita 107 ilinyesha kwa saa 24 katika eneo hilo, na miteremko aliyokuwa akiipima miaka yote ikateremka kwa tope mbele ya vipimo vyake.

Sasa tazama Mgeta. Tarehe 23 Februari 1970 ilinyesha mvua ya milimita 100.7 kwa muda usiotimia saa tatu. Kiasi kile kile karibu na cha Kärkevagge, lakini kimemwagwa katika sehemu ndogo ya muda. Yakatokea maporomoko zaidi ya elfu moja. Mengi hayakuwa makubwa; upana wa mita chache tu, na kina cha kama mita moja, yaani unene wa udongo uliolalia mwamba. Udongo ulivuka mwamba kama mkeka unavyoteleza juu ya sakafu ya saruji, ukageuka tope, ukaingia mitoni. Waandishi hawakubaki kwenye gari. Walihesabu, walipima, walitazama picha zilizopigwa kutoka angani, kisha wakaliuliza kila poromoko lilianzia wapi. Karibu yote yalianzia mashambani na kwenye majani, na mashamba na majani yaligawana hesabu karibu nusu kwa nusu. Yaliyoanzia chini ya miti hayakufika hata moja katika mia.

Sijui sentensi nyingine iliyoandikwa juu ya Uluguru yenye uzito kama hiyo. Inafaa kuisoma polepole. Haisemi kwamba mkulima ni mjinga. Mashamba yameporomoka, lakini majani ambayo hayakuguswa na jembe mwaka huo nayo yameporomoka sawasawa. Kwa hiyo kilichokosekana si ustadi wa kulima. Kilichokosekana ni mizizi mirefu inayopenya udongo na kuushonea kwenye mwamba.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ni mahali ambapo lugha yetu wenyewe imetuponza, au tuseme, walioitumia shuleni wametuponza. Kiswahili kina vitenzi vizuri mno kwa jambo hili. Udongo humomonyoka: chembe kwa chembe, mvua kwa mvua, mpaka shamba linabaki kokoto. Ardhi huporomoka: kipande kizima, kwa mara moja. Kabla ya kuporomoka humeguka, yaani hupata ufa na kuachana na kilichokuwa kimeshikana nacho. Ukingo hubomoka. Nyumba hutitia. Mwana wa Mgeta aliyelelewa kwa Kiluguru na Kiswahili hana sababu ya kuyachanganya mambo hayo. Lakini katika madarasa niliyoyakagua kwa miaka mingi, wakati wanachuo wakiwa katika mazoezi ya kufundisha, neno lilikuwa moja tu: mmomonyoko. Kitabu kimoja cha jiografia, ambacho sitakitaja, kiliyapa maporomoko mstari mmoja chini ya kichwa cha mmomonyoko wa udongo, kana kwamba poromoko ni mmomonyoko uliokasirika. Kisha ikafuata picha ya matuta, na mwanafunzi akafundishwa kwamba dawa ni matuta.

Si kweli kwamba dawa ni moja. Mmomonyoko hutokea maji yanapokimbia juu ya udongo, na tuta linamsaidia mkulima kwa kuyasimamisha maji yazame. Mporomoko hutokea maji yanapozama, yakakuta mwamba, yakakosa pa kwenda, yakausukuma udongo kutoka ndani mpaka ukaelea. Kinachoponya cha kwanza chaweza kukiita cha pili. Katika mteremko mkali wenye udongo mwembamba, kuyasimamisha maji ni kuyakaribisha chini ya kitanda chako.

Waluguru walilijua hilo kwa gharama kubwa kabla ya Rapp kufika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, na moyo wa mpango ule ulikuwa matuta ya ngazi, ambayo wananchi walilazimishwa kuyachimba kwa mikono yao. Kazi ilikuwa ngumu, udongo mwekundu usio na rutuba ukaletwa juu, mazao hayakuongezeka. Mwezi Julai 1955 watu walikusanyika Matombo, upande wa mashariki wa milima, ghasia zikatokea, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa. Habari hizo zimo katika kitabu cha Roland Young na Henry Fosbrooke cha mwaka 1960 juu ya ardhi na siasa za Waluguru, na Temple mwenyewe alizirudia katika makala nyingine ndani ya toleo lilelile la 1972, akipima sera zote za hifadhi ya udongo zilizopita juu ya milima hii. Hukumu yake juu ya matuta ya ngazi ni kali: hayakufaa kwa udongo huu wala kwa miteremko hii, na mahali pengine yaliuongezea mlima shida.

Ukizisoma makala hizo mbili pamoja, unaona jambo ambalo hakuna iliyolitamka peke yake. Watu wa Matombo mwaka 1955 walihesabiwa kuwa wakaidi wasiotaka maendeleo. Vyovyote walivyokuwa, walikuwa wakikataa dawa ya ugonjwa mmoja kwa mgonjwa wa ugonjwa mwingine. Na neno lililotumika kuwalazimisha lilikuwa ni lilelile mmomonyoko. Wengine wataniambia kwamba nalipa neno kosa la sera. Mimi nimekuwa mwalimu wa walimu. Nimeona jinsi neno moja lililokosewa ubaoni linavyotembea vijiji arobaini kabla ya mwaka kwisha.

Hizo ndizo sifa za makala, na ni kubwa. Sasa niseme yanayonikera.

La kwanza ni msomaji. Andiko hili limeandikwa kwa mpangaji: mtu mwenye ramani, mwenye ofisi, anayeweza kuamua mteremko upi upandwe miti na upi ulimwe. Mtu wa Nyandira au Kienzema hayumo miongoni mwa wasomaji waliokusudiwa. Na hata angekuwamo, asilimia haimwambii aondoke lini. Katika nchi za theluji, elimu ya hatari imegawanyika sehemu mbili, na zote hutolewa hadharani. Ipo ramani, inayosema mahali gani pana hatari miaka yote. Ipo pia taarifa ya siku, inayotolewa majira yote ya baridi: leo upande wa kaskazini, juu ya mita kadhaa, tabaka la chini ni legevu, jihadhari. Tangu mwaka 1993 nchi za Ulaya zimetumia vipimo vya namna moja vyenye daraja tano. Wenyewe husema daraja la tatu ndilo linaloua wengi, maana la nne na la tano huwafungia watu ndani, bali la tatu humwachia mtu nafasi ya kujidanganya. Makala ya Temple na Rapp inatupa mwanzo wa ramani. Taarifa ya siku haimo, na haikuwa kazi yao kuitoa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mvua kubwa, na hutangaza vizuri siku hizi, lakini mvua kubwa kwa mkoa mzima si sawa na kumwambia mtu kwamba mteremko huu ulio juu ya nyumba yako umeshiba maji tangu juzi.

La pili ni sauti. Mwaka 1972 nilipelekwa kufundisha shule ya msingi huko Mgeta, kijana niliyetoka chuoni, na makovu ya 1970 yalikuwa bado yanaonekana, mekundu, yamenyooka kutoka juu kwenda chini kama mikwaruzo ya kucha. Mzee niliyepanga kwake alikuwa akinisimulia ile siku kila mvua ilipoanza kugonga bati. Hakusema habari za milimita. Alisema kwamba kabla ya ardhi kwenda, maji yalitoka katikati ya mteremko, mahali ambapo hapakuwa na chemchemi, yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Alisema migomba iliinama bila upepo. Alisema mlima ulinguruma kwa ndani kama tumbo la ng'ombe, na mkewe akawatoa watoto kwa sababu ya ngurumo hiyo wala si kwa sababu ya mvua. “Mwalimu,” aliniambia, “mvua sisi tunaizoea. Ila maji yakitoka yasipotoka, toka na wewe.”

Nilipokuja kuisoma makala miaka mingi baadaye nilistuka. Maelezo ya kisayansi ya maji kubanwa kati ya udongo na mwamba, mpaka yakatafuta tundu la kutokea, ni maelezo ya yule mzee yaliyovaa suti. Hao wawili wangeelewana kabisa. Lakini kilichoingia kwenye karatasi ni kile kilichoweza kuhesabiwa baada ya mlima kwisha kuanguka. Dalili za saa moja kabla, ambazo ndizo zenye kuokoa mtu, zilibaki katika vibaraza vya Mgeta, na wazee wale wamekwisha kwenda nazo mmoja mmoja. Tazama tofauti na watelezi wa skii: vitabu vyao vimejaa dalili za namna hiyo hiyo, nyufa zinazokimbia mbele ya mbao, sauti nzito ya theluji kukaa chini ya miguu, na hakuna profesa anayeona haya kuziandika. Zimehesabiwa kuwa elimu. Za kwetu zimehesabiwa kuwa simulizi.

Haki itendeke: Waswidi hawakuondoka wakatusahau. Mwaka 1974 Lundgren na Rapp waliandika juu ya poromoko lililoharibu maji ya mji wetu wa Morogoro, na mwaka 1978 Lundgren aliandika juu ya namna udongo na majani yanavyorudi kwenye makovu ya Mgeta. Kwa msomaji wa mjini hiyo ya 1974 ndiyo ya kuanzia. Tunaokaa Kichangani au Kihonda hudhani habari za miteremko ni za watu wa juu, mpaka bomba linapotoa maji ya rangi ya ugoro. Na mto Ruvu nao, unaonyweshea Dar es Salaam, unachota sehemu kubwa ya maji yake kwenye milima hii hii.

La tatu ni miti, na hapa naihakiki makala kwa tukio ambalo waandishi hawakuweza kulijua. Asilimia ile ya msitu imerudiwa mara nyingi sana katika semina, kila mara bila maneno yaliyoizunguka, mpaka sasa imekuwa kama hirizi: panda miti, mlima hautaanguka. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya mlima Hanang ilimeguka kwa mvua, na tope, mawe na magogo vikaufikia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Walikufa watu zaidi ya 80. Miteremko ya juu ya Hanang ni hifadhi ya misitu. Magogo yale yaliyobomoa nyumba yalikuwa miti. Mizizi hushona udongo wa kina cha mita moja au mbili kwenye mwamba. Mwamba wenyewe ukiwa umeoza na kunywa maji kwa ndani, mizizi haina la kufanya. Temple na Rapp walisema juu ya maporomoko madogo, mengi, ya udongo mwembamba, katika bonde moja, kwa mvua ya alasiri moja. Katika mipaka hiyo wako sahihi kabisa. Makosa ni ya sisi tunaobeba hesabu ya Mgeta na kuivika kila mlima.

Nikiwa kwenye milima mirefu, nitaje na Kilimanjaro, maana wengi huniuliza kama theluji yetu nayo huua. Huua, ila kwa kuondoka. Mwezi Januari 2006 mawe yaliporomoka upande wa magharibi wa Kibo na kuua wapandaji watatu wa Kimarekani, na njia ile ikafungwa kwa muda. Barafu hushika mawe kama saruji, ikiyeyuka inayaachia. Waongozaji wanajua kwamba mahali pa namna hiyo hupitwa alfajiri, kungali na baridi. Hiyo nayo ni taarifa ya siku, ingawa haichapwi popote.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya niandike. Onyo lolote lina mtu linalomsemesha, na lina nyumba linayodhani mtu huyo anayo. Taarifa ya theluji humwambia mtelezi: leo usiende. Anaweza kutokwenda, anapopenda kwenda si anapolala. Mkulima wa Mgeta onyo lake haliwezi kuwa usiende, maana amekwisha kuwapo tangu babu wa babu zake. Lazima liwe toka. Na ukimwambia mtu toka, sentensi haijakwisha. Aende wapi, kwa nani, na kabichi na njegere zake alizokopea mbegu azisimamie nani? Isije ikadhaniwa kwamba Wazungu hawana jambo hili. Tarehe 23 Februari 1999, miaka 29 kamili baada ya ile mvua ya Mgeta, kijiji cha Galtür nchini Austria kilifikiwa na theluji mahali ambapo ramani ilisema ni salama, na watu 31 wakafa katika nyumba na mitaa ya kijiji. Baada ya hapo walichora upya ramani na kujenga kuta. Uswisi nao walifanya hivyo baada ya majira ya baridi ya 1950 hadi 1951 yaliyoua watu wengi vijijini. Kwa hiyo inawezekana kumwandikia mtu anayeishi chini ya mlima, si yule anayeutembelea tu. Kinachotakiwa ni kumkusudia tangu mstari wa kwanza.

Kwa sababu hiyo nimeanza kuitafsiri makala ya Mgeta kwa Kiswahili, si yote, bali kurasa zile zinazohusu mahali maporomoko yalipoanzia. Nimeacha majedwali na kuchukua picha. Nimetenga mmomonyoko na mporomoko tangu kichwa cha habari. Pale waandishi wanaposema juu ya maji yanayoinua udongo kutoka ndani nimeandika “ardhi huelea,” ingawa rafiki yangu mmoja mwalimu wa sayansi haridhiki. Pembeni nimeongeza dalili za yule mzee, nikaeleza wazi kwamba hazimo katika asili: chemchemi mpya yenye tope, ufa unaokatiza shamba, miti inayoinama, milango inayogoma kufunguka, ngurumo ya ndani. Nikasema pia, kwa maneno yangu, kwamba tuta linalosimamisha maji juu ya nyumba lipasuliwe mfereji wa kuyatoa pembeni kabla ya masika.

Rasimu nilimpa mwalimu mmoja wa huko juu, anayeshuka Morogoro kila mwisho wa mwezi kwa barabara ya Langali na Sangasanga. Aliirudisha baada ya wiki tatu. Alikuwa amesahihisha majina mawili ya vijito, na alikuwa amefuta neno “mpangilio” kila nilipoliandika, akiweka “utaratibu,” jambo ambalo sikulipenda lakini nimelikubali. Mwishoni mwa ukurasa aliandika swali kwa kalamu nyekundu. Anasema ufa uliopo juu ya nyumba ya dada yake umo katika shamba la lukolo jingine. Mwenye shamba anaishi Dar es Salaam, shamba limekodishwa, aliyelikodi amepanda karoti, na mfereji wa kuyatoa maji utakata katikati ya karoti hizo. Anauliza aanze kumwona nani: mwenye shamba, mkodishwaji, mkubwa wa ukoo, au ofisi ya kijiji, na kama mvua za vuli zikianza kabla hawajakubaliana, ni nani mwenye haki ya kuukata mfereji usiku.

Nimelitafuta jibu katika Temple na Rapp, halimo. Young na Fosbrooke wanaeleza vizuri jinsi ukoo unavyomiliki ardhi, lakini hawakuandika juu ya nyufa. Rasimu ipo mezani pangu, nafasi ya nusu ukurasa nimeiacha wazi chini ya swali lake, na mwalimu atashuka tena mwisho wa mwezi huu.